Bomba Nililolilaza Kwenye Majivu

Aliyelitoboa bomba la kijiji ni mimi. Si baba yako mdogo Leopoldi. Ni mimi mama yako, Klementina binti wa mhunzi, kwa mikono yangu miwili na kwa mdomo wangu huu mmoja, ambao siku ile ulifanya kazi kuliko mikono yote.

Haya, sasa nakusalimu. Hujambo, Adventina mwanangu? Nimetanguliza hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningeingia kwenye habari za safari, kutoka safari ningeingia kwenye sifa zako, kutoka sifa zako ningeingia kwenye sifa zangu, karatasi ingeisha na bomba lingebaki limefukiwa palepale lilipo.

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowafahamu watakulisha ndizi za ebitoke kila nyumba mpaka utembee kwa shida. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa nyuma ya jiko, kibao cha kumenyea ndizi nimekiweka mapajani ndiyo meza yangu. Mbele yangu yamepangwa yale makopo yako matatu yenye udongo na misumari. Nimeyatazama tangu asubuhi. Kesho utaondoka na gari la alfajiri kwenda Bukoba, upande meli, kisha treni, uende ukasome mambo ya maji huko Dar es Salaam. Barua hii nitakutia mkononi gari likishaanza kuunguruma, usipate nafasi ya kuniuliza kitu. Isome ukiwa njiani, kabla hujafika Nyanga.

Sikuandikii habari za sabuni, wala za kusali, wala za wanaume wa pwani. Kama hukujifunza hayo miaka yote hii chini ya paa langu, karatasi hizi hazitakuokoa.

Unakumbuka mwezi uliopita, uliporudi kutoka kwenye kibarua chako cha Maruku, ukachukua jembe ukaenda kuchimbua lile bomba bovu mahali patatu. Watu walikucheka. Msichana ana cheti cha kidato cha nne, amefanya kazi na wataalamu wa kahawa, anachimba mtaro uliokufa! Nami nilisimama pale nikawaambia, "Chekeni, chekeni, huyu ndiye atakayewaletea maji mkiwa hamna hata meno ya kuchekea." Nilikuwa najivuna, lakini macho yangu hayakutoka kwenye jembe lako. Nilijua utakachokikuta.

Ukajaza kopo la kwanza changarawe nyekundu ya mlimani, kule rweya, kwenye nyasi kavu. La pili ukalijaza ule udongo mweusi wa bondeni unaonuka yai viza. La tatu ukalijaza udongo wa kipande cha mwisho, karibu na shule. Ukachomeka msumari mpya katika kila kopo, ukatia maji, ukaweka nyuma ya jiko. Kisha ukaja na lile kopo la tatu mkononi, unalipekua kwa kidole.

"Mama, haya ni majivu. Na hivi vyeusi ni vipande vya makaa. Viliingiaje kwenye mtaro wa bomba?"

Nami nilikuwa nakoroga maharage. Sikugeuza hata shingo. Nikasema, "Muulize Leopoldi."

Nikaona uso wako unakuwa mgumu. Ukasema, "Basi siku ya kuondoka nitapita Nyanga mlangoni kwake kama napita kwenye kichaka."

Nikaendelea kukoroga. Maharage yalikuwa yameiva zamani.

Ndiyo sababu ya barua hii. Uongo wa zamani nilikuwa nimeshauzoea, nililala nao na kuamka nao kama godoro lililobonyea. Lakini huo wa mwezi uliopita nilikupa wewe, mpya kabisa, uubebe mpaka chuo.

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, na usidhani nitawaacha wengine wapone.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba za bati zimepangwa mstari kwenye rweya ambako hata mbuzi alikuwa hakai, na tukaambiwa serikali inaleta maji ya bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Akaja Bwana Maji. Mtu gani yule! Soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, kalamu tatu mfukoni, na ramani ameikunja kwapani kama mkate. Alitembea kutoka chemchemi mpaka shuleni akihesabu hatua. Kazi yake yote ilikuwa kuhesabu. Hakuinama hata mara moja. Hakuchukua hata konzi moja ya udongo akaifinya, jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi hulifanya kabla ya kupanda boga. Alipofika bondeni akaruka juu ya majani ili soksi zisichafuke, akachora mstari kwenye ramani, akasema, "Hapa bomba litapita moja kwa moja."

Leopoldi alikuwa ndiye fundi wetu, alijifunza kazi ya mabomba Kampala. Akamwambia kwa adabu, "Mzee, udongo huu ni mbaya kwa chuma. Hauna pumzi, maji yamesimama humo mwaka mzima. Tulipitishe juu kwa nguzo, au tuzunguke."

Bwana Maji akamtazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. "Wewe una cheti gani?"

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kitaalamu. Na Mwenyekiti wetu, ambaye alipenda hotuba kuliko chakula, akapanda juu ya kichuguu akatuambia chuma ni imara kama umoja wetu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Sasa nikifika kwangu mkono unaanza kuwa mzito. Subiri nitie kuni jikoni.

Nimerudi. Akina mama tulipewa kipande cha mwisho, kutoka ukingo wa bonde mpaka shuleni. Tulichimba kwa zamu, na mimi nilikuwa kiongozi wao. Nani mwingine angekuwa? Wale wenzangu unawajua: ukiwaambia simama wanauliza kwa mguu upi. Mtaro ulipofika kina nikaona chini kuna mawe. Nikawaza, bomba hili jipya linalong'aa kama bati la harusi, tutalilazaje juu ya mawe likwaruzike? Hapa kwetu kila kitu cha thamani hutandikiwa. Mgomba tunautandikia nyasi na kuulisha majivu ya jikoni, nyumba tunaitandikia nyasi, mzazi tunamtandikia. Nikasema, tulitandikie bomba.

Na hapo ndipo ubinti wa mhunzi uliponipanda kichwani.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mhunzi, majembe yake yalilima kutoka Muleba mpaka mpakani. Lakini mwanamke hakuruhusiwa kusogea kwenye tanuri lake. Nilikuwa nachungulia kutoka migombani, na kila aliponiona alinifukuza: "Toka hapo, chuma kitakataa kutoka!" Kwa hiyo nilichokiona kwa mbali ni moto na makaa, na chuma kikitoka kwenye makaa kimenawiri. Basi mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikawaambia wanawake, "Chuma kilizaliwa kwenye makaa. Makaa ni mama yake. Tukikilaza kwenye makaa na majivu kitakaa miaka mia."

Wakaleta majivu ya kila jiko, vikapu kwa vikapu. Mimi mwenyewe nikaenda kwenye uwanja wa zamani wa tanuri la baba nikakusanya makaa yaliyobaki na mavumbi yake, nikabeba kichwani mara nne. Tukatandika chini, tukalaza bomba, tukafunika kwa majivu tena, juu yake nyasi nyingi, kisha udongo. Tuliimba. Lile bomba lilitandikiwa vizuri kuliko nilivyotandikiwa mimi nilipokuzaa wewe.

Leopoldi akaja mbio na spana yake. "Shemeji, toeni hayo majivu! Chuma hakipatani na majivu yakilowa. Nimeona Kampala, bomba lililofukiwa kwenye takataka za makaa lilitoboka lingali jipya."

Ningemsikiliza ningepungukiwa nini? Lakini wanawake walikuwa wananitazama. Nikashika kiuno. "Leopoldi, baba yangu alikuwa anafua majembe wakati babu yako analima kwa kijiti. Leo wewe ndiye wa kunifundisha chuma?"

Walicheka mpaka Paskazia jirani yetu akakaa chini ndani ya mtaro. "Mwacheni fundi wa watu," akasema, "arudi Kampala akaulize tena!"

Leopoldi akasimama pale, spana inaning'inia. "Haya, waitu," akasema, "nyinyi ndio wengi." Akaondoka.

Na nikuambie jambo linalonitia aibu kuliko yote. Majivu nilikuwa nayajua! Si ndiyo tunayachuja kupata magadi ya kulainishia maharage? Na yale magadi si ndiyo yalitoboa sufuria yangu niliyopewa siku ya harusi, ikawa na vitundu kama chujio? Sufuria ilikuwa inaning'inia jikoni kwangu, naiona kila siku. Sikuiuliza kitu. Mtu asiyejua kusoma ana nafuu kuliko mimi niliyeishia darasa la nne, kwa sababu yeye angalau angeogopa.

Maji yalitoka misimu mitatu ya senene. Tulikuwa tunapita na ndoo zetu mbele ya watu wa vijiji vingine polepole makusudi, watuone. Kisha siku moja bomba la shuleni likakohoa, likatema kutu, likanyamaza, na uwanja wa mpira ukageuka dimbwi.

Bwana Maji akarudi. Soksi zilezile, au ndugu zao. Wakachimbua kipande cha shuleni, kikatoka na matundu, unakibonyeza kwa kidole kinavunjika kama biskuti. Aliona majivu pale? Aliyaona. Alifikiri ni rangi ya udongo wetu. Akaitisha mkutano, akainua kile kipande juu, akatoa hesabu yake ya mtu mwenye kalamu tatu: "Bomba jipya la serikali haliwezi kuliwa na kutu kwa miaka mitatu. Hili limeliwa. Kwa hiyo hili si bomba la serikali. Fundi ameuza mabomba mapya akatuwekea chakavu. Hii ni hujuma."

Neno hilo siku zile lilikuwa linampeleka mtu ndani.

Mwenyekiti akauliza, "Leopoldi, unasemaje?"

"Mabomba ni yaleyale niliyopewa."

"Basi nini kimeyatoboa?"

Leopoldi akanitazama. Hakuwatazama wengine, alinitazama mimi, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa mjane wa kaka yake, baba yako alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka kaburini, na wewe ulikuwa umekaa miguuni pangu. Akaona yote hayo. Akasema tu, "Ni udongo, Mwenyekiti. Udongo ndio umeyala."

Na sauti moja ikatoka katikati ya wanawake: "Udongo unakula chuma! Na migomba je, inakula mbuzi?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Bwana Maji akacheka mpaka akavua miwani. Leopoldi akakaa chini.

Aliyesema hivyo ni mimi.

Nilikuwa hodari wa kuchekesha watu, unajua. Hata leo wananisimulia. Nikitaka kuficha jambo siwezi kunyamaza kama waongo wa kawaida, lazima nifanye na sherehe.

Hawakumfunga, hawakuwa na ushahidi. Lakini walimnyang'anya kazi, na kwenye pombe ya rubisi hakuna aliyempa mrija. Kijiji kinaweza kumwondoa mtu bila kumwambia ondoka. Alihamia Nyanga, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Siku anayoondoka alikuja hapa kuaga. Wewe ulikuwa na daftari alilokununulia, ukalileta, ukamrudishia, ukasema, "Sitaki kitu cha mwizi." Mtoto wa darasa la sita! Alilipokea kwa mikono miwili. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, ningeweza kusema neno moja tu. Nikaingia ndani kuangalia chungu.

Mama yangu aliposikia habari za bomba ndipo aliponiambia, akiwa hana hata haraka, "Baba yako hakuruhusu jembe hata moja lilale karibu na jalala la majivu. Alipokuwa anayaficha majembe ya mahari aliyafunga kwa nguo ya gome, akayafukia kwenye changarawe kavu ya mteremkoni. Hukuona?"

Sikuona. Niliona moto tu, kwa sababu moto ndio unaoonekana ukiwa mbali. Makaa makavu yenye moto ni kitu kimoja, na makaa yaliyolowa chini ya nyasi ni kitu kingine kabisa. Mimi nilikuwa na nusu ya ujuzi wa babu yako, na kwa nusu hiyo nilimnyamazisha mtu mwenye ujuzi mzima.

Sasa tazama makopo yako. Leo asubuhi niliichomoa misumari. Wa changarawe una vumbi jekundu tu, nimeufuta kwa kanga ukang'aa. Wa bondeni umekuwa mweusi na una vidonda. Wa majivu na makaa umevimba kutu, kichwa kimekwisha, nilipouvuta ukabaki nusu koponi. Na wewe uliniambia bomba lenyewe ni hivyohivyo: mlimani bado lina ngozi yake, pale changarawe inapokutana na ule mweusi limeliwa mkanda mzima kama pete, bondeni limechubuka lakini limevumilia, na kwangu limekuwa chujio. Bwana Maji alilikosea bonde. Mwenyekiti alitupa hotuba mahali pa kuuliza. Lakini hata katika kuharibu, mwanangu, hakuna aliyeharibu vizuri kama mama yako. Wao walilichubua, mimi nilimaliza.

Huko unakokwenda watakupa kalamu tatu. Labda na soksi. Sikuombei uwe mnyenyekevu, kwa kuwa hutokani na watu wa namna hiyo, na mimi nataka uringe mpaka Bukoba yote ijue Adventina wa Klementina ni nani. Ringa. Lakini utakapofika kwenye kijiji cha watu na ramani yako, inama, finya udongo, unuse, uliza nini kimefukiwa hapo zamani. Na ukikuta mwanamke mnene ameshika kiuno anakueleza habari za chuma, muulize kwa upole yeye alisimama wapi alipoviona hivyo anavyovijua.

Kuhusu mimi, utanifikiria utakavyonifikiria. Nilitaka nikuombe usinichukie, nikaona hilo nalo ni kama kulitandikia jambo majivu. Nichukie kidogo mpaka Mwanza. Baada ya hapo una masomo.

Nimeshamwambia balozi wa nyumba kumi apige mbiu. Watu wanafikiri tunakwenda kuchimbua bomba tuokoe vipande vizima vya mlimani, vitufae tena. Ni kweli, tutachimbua. Lakini tutaanzia kwangu, shuleni, na majivu yakishaonekana nitasimama mbele ya Mwenyekiti na Paskazia na wote waliocheka, nitaeleza nani aliyatia. Nitawawekea na misumari yako mitatu. Kuongea mbele ya watu hakujawahi kunishinda. Tuone kama nitaweza na hili.

Wote wamealikwa isipokuwa mmoja. Yeye sikutuma mtu kumwita, sababu mtu nitakayemtuma atapeleka na maneno yake. Gari huwa linasimama Nyanga kushusha ndizi, na kibanda chake kinaonekana kutoka barabarani, kimeegemezwa baiskeli bila magurudumu. Nimekupakia mikungu miwili ya ebitoke, mmoja ni wako wa melini. Mwingine mpelekee. Mwite Baba Mdogo, umsalimie kwa magoti kama ulivyofundishwa, na kama atakuuliza kuna nini, msomee mstari wa kwanza wa barua hii.

Kisha mwambie watu wote wanakuja na majembe yao, baada ya chai ya asubuhi, uwanja wa shule, na shemeji yake hataanza kuchimba mpaka amwone yeye amesimama pale na spana yake. Mwambie ni Jumamosi.